Mama Vitambaa Hakufungiwa Meza

Mama Vitambaa hakufungiwa Meza ya Bwana. Hilo lieleweke kwanza, kabla ya jingine lolote. Hakuna kikao cha wazee wa kanisa kilichokaa kumjadili, hakuna mchungaji aliyemnyima mkate, na yule anayesema kwamba alikutwa chumba cha nyuma akimalizia divai ya ushirika kwa kikombe cha chai anasema uongo, tena uongo wa mtu ambaye hajawahi kuingia chumba chenyewe. Ufunguo wa kabati la divai ulikaa kwa mhazini. Mama Vitambaa alikuwa na ufunguo wa sanduku la vitambaa tu, na humo sandukuni hapakuwa na kitu cha kumlewesha mtu isipokuwa harufu ya sabuni.

Ni kweli kwamba kwa miaka mingi alipokea wa mwisho. Watu wote wakishapita, wakisharudi kwenye viti vyao na kuanza kutafuta viatu vya watoto chini ya mabenchi, yeye ndiye aliyekuwa akiinuka na kwenda kupiga magoti. Waliomwona walijijazia wenyewe kilichokosekana. Alipokuwa hai hakuwajibu, na alikuwa na sababu. Sasa hayupo, na kimya chake kimeanza kuwachafua wajukuu ambao hawakufanya lolote. Basi isemwe ilivyokuwa.

Alikuwa fundi cherehani, mjane aliyelea watoto kwa sindano na kuwasomesha mpaka wakahitimu. Chumba chake cha kazi kilitazama barabara. Cherehani ya miguu ilikuwa dirishani, meza ya kukatia katikati, kioo kirefu ukutani, na pazia la maua lilitenganisha chumba hicho na cha ndani. Ukiingia ulivua viatu, uwe nani uwe nani. Nguo aliyoishona ungeweza kuivaa ndani nje na mtu asijue, maana hata mishono ya ndani aliinyoosha kama ya nje. Mteja akimwambia, "Fundi, huko ndani nani ataona?" alijibu, "Mimi nimeshaona."

Jina la Mama Vitambaa alilipata kanisani. Vitambaa vya Meza ya Bwana vilikuwa mikononi mwake: kile kikubwa cha kutandika, kile cha kufunikia mkate, na kile kidogo cha kufutia mdomo wa kikombe kila mtu anapokwisha kunywa. Hicho kidogo hakukichanganya na nguo nyingine. Alikiloweka peke yake kwenye beseni jeupe, kwa maji matupu, na maji yale hakuyamwaga mtaroni yanakopita makombo ya vyombo. Aliyamwaga taratibu chini ya maua yaliyopandwa ukutani, kwa kuwa yalikuwa yamegusa divai iliyokwisha kuombewa. Baada ya hapo ndipo alipotia sabuni, akaanika juani, akapiga pasi mpaka mikunjo ikawa kama imepigwa kwa rula.

Kanisa lao lilitumia kikombe kimoja. Hawakuwa na vile vikombe vidogo vidogo vinavyofanana na vya dawa ya kikohozi. Watu walipiga magoti kwenye ukingo wa mbao mbele ya madhabahu, familia na familia yake, mchungaji akapita na mkate, kisha akarudi na kikombe. Alimnywesha mmoja, akafuta, akakizungusha kidogo, akamnywesha anayefuata. Divai iliyobaki haikurudishwa kwenye chupa. Mchungaji mwenyewe aliimaliza palepale, mbele ya watu wote. Na juma lililotangulia Jumapili hiyo, wazee walipita nyumba kwa nyumba kuuliza kama kuna waliokosana. Mke na mume wasiosemeshana walitakiwa wasemeshane kwanza. Jirani na jirani vilevile.

Mama Vitambaa ndiye aliyewafundisha wasichana wa kipaimara namna ya kupokea. Aliwapanga mstari kwenye benchi, akashika glasi ya maji.

"Shingo iinuke kidogo. Midomo iguse, kisha umeze. Usionje kama mpishi anayeonja chumvi."

"Na kama aliyenitangulia ana mafua, Mama?" aliuliza mmoja mwaka fulani, na wenzake wakaangua kicheko.

"Cheka tu," alimwambia. "Lakini ukikikataa kikombe kwa sababu ya aliyetangulia, aliyekupa kikombe umemwambia nini? Umemwambia mezani kwake kuna mtu mmoja zaidi. Basi huyo mmoja ni wewe."

Maneno hayo yalikuwa yake. Hakuyasoma mahali. Wasichana waliyakumbuka hata walipokuwa wake za watu, na hilo lilikuja kumtesa.

Mdogo wake, wa tumbo moja, alikuwa mpokea simu wa hospitali. Mtu akipiga kumuulizia mgonjwa wake, sauti ya kwanza aliyoisikia ilikuwa ya mdogo mtu huyo, na wengi walikata simu wakiwa wamepata nafuu hata kabla ya kuunganishwa na wodi. Jumapili aliimba sauti ya pili kwaya. Kisha kifua kikamshika. Akalala muda mrefu kwenye hospitali ileile aliyoipokelea simu, na alipotoka alikuwa amebaki macho na mifupa, sauti imepasuka kama kitambaa kinachochanwa.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alizungumza nao wote wawili, ana kwa ana.

"Mama, huyu amepona. Hana tena cha kumwambukiza mtu. Mpeni chakula, na mpeni watu. Upweke nao unakohoza."

Mama Vitambaa alisikia vizuri. Alishukuru, akamchukua mdogo wake, akamlaza chumba cha ndani nyuma ya pazia la maua. Alimpikia, akamwogesha mgongo, akamshonea magauni mapya kwa kuwa yale ya zamani yalimwelea. Asiseme mtu kwamba alimtupa nduguye. Ila alimnunulia kikombe. Kilikuwa cha bati, chenye mstari wa buluu mdomoni, na alikipigia msumari wake ukutani, mbali na vikombe vingine.

Mdogo mtu alikitazama siku ya kwanza, akacheka kwa ile sauti yake mbovu.

"Naona nimepandishwa cheo. Nina kikombe changu na msumari wangu."

"Ni kwa ajili ya afya yako," dada mtu alisema, akajitia kutafuta mkasi.

Haikuwa kwa ajili ya afya yake. Mama yao mzazi alikufa kwa kifua, nao wakiwa wadogo, na aliyepewa kazi ya kumwaga kopo la makohozi alikuwa huyu mkubwa. Hilo linaelezwa ili lijulikane. Halielezwi ili kumpunguzia.

Jumapili ya kwanza ya ushirika tangu mdogo mtu atoke hospitali, walikwenda pamoja. Wakapiga magoti bega kwa bega, mdogo mtu kushoto. Kikombe kilitokea kushoto. Mdogo mtu akashika mguu wa kikombe kwa mikono miwili, kama mtu aliyekumbuka kitu kwa muda mrefu, akanywa. Mchungaji akafuta, akazungusha, akakileta.

Mama Vitambaa aliinua shingo. Akagusa. Na midomo yake ikajifunga.

Hakulipanga. Ilijifunga yenyewe, ngumu, kama kifungo kinapoingia tunduni. Divai ikafika kwenye midomo ikarudi. Mchungaji akasema maneno yake akasogea, na Mama Vitambaa akainamisha kichwa kama mtu anayesali. Midomo ilikuwa imelowa kwa nje. Akajifuta kwa kiganja, kisha akakiangalia kile kiganja asijue akiweke wapi.

Njiani mdogo mtu alitembea polepole, akishika ukuta wa nyumba za watu.

"Dada."

"Naam."

"Koo lako halikucheza."

"Unasemaje?"

"Nimelala wodini, Dada. Nimewatazama wagonjwa wakipewa vidonge wakajifanya wamemeza. Koo la mtu nalijua."

"Jua limekupiga. Twende ukapumzike."

Nyumbani mdogo mtu akaenda moja kwa moja kwenye msumari wake, akachukua kikombe chake, akanywa maji.

Hapo ndipo mtu angeweza kusema, "Niliogopa, nisamehe," na habari ikaishia jikoni. Mama Vitambaa hakusema. Aibu ilimpanda, na yeye badala ya kuitua akaitafutia nguo ya kuivisha. Alikwenda kwa mchungaji.

Mchungaji alikuwa bado kijana, hajamaliza hata kufungua masanduku ya vitabu vyake. Alimkaribisha ofisini, akamfutia kiti vumbi kwa mkono.

"Si kwa ajili yangu, Mchungaji," alianza. "Mdogo wangu ndiyo kwanza katoka kuumwa kifua. Watu wana macho. Wakianza kukikwepa kikombe, ushirika utaingia dosari. Naomba apokee wa mwisho. Basi tu, ili watu watulie."

"Daktari alisemaje, Mama?"

"Daktari ni daktari. Watu ni watu."

"Nani hasa amelalamika?"

"Wapo."

Hawakuwepo. Aliyelalamika alikuwa mmoja, naye alikuwa ameketi kwenye kiti kilichofutwa vumbi. Mchungaji alikuna kidevu. Akasema kwamba mtu hali peke yake pale, kwamba ndiyo maana ya kupanga magoti mstari mmoja, tajiri na maskini, mzima na mgonjwa. Akasema kumtenga mtu pembeni ya meza ile ni kuikata meza yenyewe.

"Mchungaji," Mama Vitambaa alimwambia kwa upole wa mtu mzima, "wewe umekuja juzi. Mimi nawajua."

Kijana wa watu akakubali. Naye baadaye alikiri kwamba aliiogopa heshima ya yule mama kuliko alivyomwogopa Bwana aliyemwita kwenye kazi hiyo.

Jumapili ya ushirika iliyofuata, mabenchi yakaanza kuinuka moja baada ya jingine. Ilipofika zamu yao, mzee wa zamu akainama akamgusa mdogo mtu begani.

"Mama, subiri kidogo. Utapita mwisho."

Mdogo mtu alimtazama dada yake. Dada yake alikuwa anasoma kitabu cha nyimbo, ukurasa ambao haukuimbwa siku hiyo. Kisha Mama Vitambaa akainuka akaenda, akapiga magoti kati ya watu wengine, akanywa na kumeza bila shida yoyote. Hilo la kumeza bila shida lilimuuma baadaye kuliko mengine.

Watu wakaisha. Kanisa likatulia. Mdogo mtu akapita katikati akiwa peke yake, viatu vyake vikisikika mpaka mlangoni, akapiga magoti kwenye ukingo uliotosha watu wa benchi zima. Kikohozi kikamjia, si cha ugonjwa, cha kubanwa na aibu. Wenye kunong'ona wakanong'ona. Mchungaji akamnywesha. Kisha, kama ilivyo desturi, akabaki na divai ya mwisho ya kumalizia. Hakufuta mdomo wa kikombe. Wala hakukizungusha. Alikiinua palepale alipotoa midomo mdogo mtu, akanywa mpaka chini, na macho yake yakapita juu ya watu wote yakamtafuta Mama Vitambaa yakamkuta.

Siku hiyo Mama Vitambaa alirudi na vitambaa nyumbani kama kawaida. Akateka maji, akaweka beseni jeupe uani. Alipofungua mfuko, mkono wake ukaenda kwenye kamba ya nguo ukachukua vibanio viwili. Kwa vibanio akakishika kile kitambaa kidogo, akakitoa kwenye mfuko kama mtu anayetoa panya.

"Leo kwa vibanio?"

Mdogo mtu alikuwa amesimama mlangoni. Akashuka kizingiti, akamnyang'anya kitambaa kwa mkono mtupu, akakizamisha kwenye maji, akakisuguasugua taratibu. Kisha akabeba beseni, akamwaga maji chini ya maua, akarudi ndani. Dada mtu akabaki na vibanio vyake.

Katikati ya juma akaja Mama Redio kupimwa gauni. Alikuwa katibu wa akina mama, mtu mkarimu na mchapakazi, ila habari ikiingia sikioni mwake ilikuwa kama imeingia kituo cha matangazo. Yeye mwenyewe jina hilo alilifurahia. Alisimama mbele ya kioo, mikono pembeni, na Mama Vitambaa akapiga goti chini kubana upindo, pini zimepangwa midomoni kama afanyavyo fundi yeyote.

"Mwenzangu, pole," Mama Redio alisema akijitazama kiuno. "Hapa pabane kidogo, au nitaonekana gunia? Pole sana kwa mdogo wako."

Mama Vitambaa akaguna.

"Watu wamesema ni kifua, mimi nikasema kifua hakimweki mtu wa mwisho. Mtu wa mwisho kawekwa chini ya nidhamu. Sasa wanasema kumbe kule hospitali alikuwa na mume wa mtu. Wengine wanasema daktari, wengine wanasema dereva wa gari la wagonjwa. Mimi nimesema mniache, mimi si mtu wa maneno. Ni kweli?"

Pini zilikuwa midomoni. Kuzitoa ni kazi ya kufumba na kufumbua. Aliwahi kuzitoa mara nyingi katika ubanaji wa gauni moja, kumkaripia mtoto au kumwitikia mpita njia. Siku hiyo hazikutoka. Akatikisa kichwa kidogo, namna ambayo ingeweza kuwa hapana na ingeweza kuwa msiniulize, akaendelea kubana upindo.

"Aa, nimekuelewa," Mama Redio alisema kwa huruma. "Aibu ya nyumbani ni ya nyumbani. Sitasema."

Nyuma ya pazia la maua kitanda kililia. Mtu alikuwa amegeukia ukutani.

Jumapili iliyofuata mdogo mtu hakuvaa. Alikaa kitandani na gauni la kulalia, akishona kifungo ambacho hakikukatika.

"Hutakwenda?"

"Nenda tu, Dada."

"Watu watauliza."

"Wana majibu tayari. Nimeyasikia. Dereva wa gari la wagonjwa hana hata meno, maskini. Wangenitafutia angalau mwenye meno."

Mama Vitambaa alitaka kucheka akashindwa. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Mdogo mtu akakata uzi kwa meno, akaweka sindano mahali pake, maana walilelewa nyumba moja na sindano haiachwi ovyo.

"Kikombe chenye mstari nilikielewa," alisema. "Mama alikufa mikononi mwako, mimi nilikuwa namtambua kwa sauti tu. Kanisani ulipofunga midomo, nilikuelewa pia. Nilisema, ameogopa, itapita. Lakini juzi, Dada. Juzi hukuogopa ugonjwa. Yule mama alinivua nguo mbele yako, na wewe ukambania upindo."

"Nilikuwa na pini."

"Ndiyo. Ulikuwa na pini."

Hakulia, wala hakupandisha sauti, ambayo hata hivyo haikuwepo ya kupandisha. Alijifunika shuka. Mama Vitambaa alisimama na gauni lake la kanisani, mkoba mkononi, kengele inalia, asijue aende au abaki. Hakwenda. Lakini hakubaki chumbani pia. Alikaa chumba cha kazi kwenye kigoda, akatazama ule mto mdogo wa pini mpaka watu wakaanza kupita dirishani wakirudi majumbani.

Gauni la Mama Redio lilikuwa bado na jaribio la pili. Alipokuja, Mama Vitambaa alimwambia apande juu ya kigoda kama kawaida. Kisha akachukua pini zote akazichoma kwenye mto wake, mto akauweka mbali dirishani. Akalivuta pazia la maua, si kulifunga, kulifungua. Mdogo mtu alikuwa ndani, ameketi, anawaona.

"Mwenzangu, nisikilize na unisikilize vizuri," alisema. "Mdogo wangu hajafungiwa Meza. Hana mume wa mtu, hana dereva. Aliumwa kifua akapona, daktari aliniambia amepona, nikiwa na masikio yangu mawili. Mimi ndiye niliyekwenda kwa mchungaji kuomba awekwe wa mwisho. Nilidanganya kwamba watu wamelalamika. Na Jumapili ya kwanza nilikataa kunywa baada yake, nikafunga midomo. Mimi, ninayewafundisha watoto wenu kumeza. Siku ile uliniuliza hapa nikanyamaza, nikakuacha uende nalo."

Mama Redio alibaki juu ya kigoda, mdomo wazi, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akiwa hana cha kutangaza.

"Sasa mimi... niseme nini?"

"Sema hivyohivyo. Nimekwambia wewe kwa sababu najua utasema."

"Fundi, unanionaje mimi?"

"Nakuona kama ulivyo. Nami uninione kama nilivyo. Geuka, nikuone mgongoni."

Akalipima gauni, akaona limekaa sawa, akamvua, akamfungashia. Mgeni akatoka. Kisha mdogo mtu akasema kutoka ndani, "Pazia uliache hivyohivyo. Kuna hewa."

Mama Redio alisema. Kwa haki yake isemwe kwamba alianza na maneno yaleyale. Lakini maneno yakitembea miguu huota mengine. Mpaka mwisho wa juma, mdogo mtu alikuwa ameshatakaswa kabisa, dereva amesahauliwa, na aliyefungiwa Meza alikuwa Mama Vitambaa mwenyewe. Kwa nini? Hapo kila mmoja akatia chumvi yake. Uongo kwa mchungaji. Ulevi wa divai. Wapo waliosema ameuza kitambaa kikubwa cha Meza akashonea mtu gauni la harusi.

Mchungaji alikuja nyumbani mwenyewe, jasho linamtoka.

"Mama, nitasema madhabahuni. Hili si kweli, na mimi nina sehemu yangu."

"Linamgusa mdogo wangu?"

"Hapana. Linakugusa wewe."

"Basi liache lilipo, Mchungaji. Lile la kwanza lilikuwa juu yake nikalinyamazia. Hili liko juu yangu, nalo nitalinyamazia. Angalau kimya hiki kina haki."

Mkwe wake aliyekuwa nyumbani humo hakupendezwa na jibu hilo, na hapendezwi nalo mpaka leo, kwa kuwa jina la nyumba si la mtu mmoja kuligawa atakavyo. Lakini lilikuwa jina lake kwanza.

Jumapili ya ushirika ilipofika, mdogo mtu alivaa. Hakuulizwa, hakubembelezwa. Wakaenda wote wawili wakakaa benchi lao. Mzee wa zamu alipofika kwao, alionyesha kwa mkono kwamba wapite, wapite na wengine. Mama Vitambaa akatikisa kichwa.

"Mimi wa mwisho," alisema.

Mdogo mtu akasogeza magoti kuwapisha wengine. "Na mimi nipo naye. Nimeshaizoea njia."

Wakasubiri mpaka watu wote wakapita. Wakapita katikati, viatu vya watu wawili, wakapiga magoti, mdogo mtu kushoto. Kikombe kikatokea kushoto. Mdogo mtu akanywa. Mchungaji aliponyoosha kitambaa ili afute, Mama Vitambaa akaweka mkono wake juu ya mkono wa mchungaji. Kitambaa hakikupita. Mdogo mtu akageuka, wazi kabisa, akamtazama dada yake kooni.

Koo lilicheza. Lilicheza kwa kishindo, divai ikamwingia vibaya, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na benchi la mbele lote likageuka. Siku hiyo mwenye kikohozi alikuwa yeye.

Walipofika kona ya nyumbani mdogo mtu akasimama.

"Umekunywa kama mtu anayekunywa dawa," alisema.

"Nimekunywa, lakini."

"Umekunywa."

Zaidi ya hapo hakumpa. Alipofika ndani alichukua kikombe cha bati chenye mstari wa buluu, akamimina chai, akanywa nusu, akamsukumia dada yake mezani iliyobaki. Dada yake akainywa. Msumari ukang'olewa siku ileile, na tundu lake ukutani lipo.

Tangu hapo Mama Vitambaa alipokea wa mwisho. Mdogo mtu alipopata nguvu akarudi kwaya, akawa anapokea na wanakwaya mwanzoni. Mara nyingi alimwambia, "Inatosha sasa, Dada, twende," na dada mtu alijibu, "Tangulia, mimi nafunga mlango." Mdogo mtu akatangulia kweli, miaka mingi baadaye, kwa ugonjwa mwingine. Mama Vitambaa akaendelea kupiga magoti peke yake kwenye ukingo ule mrefu, na wachungaji waliofuata, wasiojua, wakadhani ni unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu. Aliona haya. Aliona haya mpaka siku ya mwisho alipopelekewa mkate na kikombe kitandani, akauliza, "Wengine wote wameshapata?"

Msibani wapo waliokuja kula huku wakiuliza kama ni kweli mdogo mtu alimsamehe. Jambo hilo dada wawili walilizungumza wenyewe, mlango umefungwa, na mkwe aliyekuwa amesimama nje na sinia ya chai alisikia alichosikia. Hatakisema kwa katibu wa akina mama, hatakisema kwa mchungaji, na wala hakiandiki hapa. Msimuulize tena.